Kupima nyota kwa mwanga wake: shajara ya mradi wetu wa Pangani

Desemba, mwanzoni

Vifaa vimetimia. Tuna kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 85, stendi ya miguu mitatu, na kioo cha michirizi: kioo kidogo cha duara chenye michirizi 100 katika kila milimita. Kinafungwa mbele ya lenzi na kuutawanya mwanga wa nyota. Katika picha nyota yenyewe hubaki nukta nyeupe, na pembeni yake hulala utepe wa rangi, urujuani upande wa karibu na nyekundu upande wa mbali. Utepe huo ndio spektra.

Swali tuliloandika ubaoni na wanafunzi wa klabu ya sayansi: je, bila darubini, tunaweza kuijua halijoto ya nyota? Kwamba nyota nyekundu ni baridi na ya buluu ni moto, hilo wote wamelisoma, na mtihani huishia hapo. Sisi tunataka namba, na tunataka kuona namba hiyo inatoka wapi.

Hesabu ya awali inatia moyo. Kutoka mchirizi hadi mchirizi ni nanomita 10,000. Kwa lenzi ya milimita 85, kila milimita ya kihisio cha kamera itabeba nanomita 118 hivi za urefu wa wimbi la mwanga, na pikseli zetu zina upana wa mikromita 4.3. Kwa hiyo kila pikseli ni karibu nusu nanomita. Inatosha kuona mistari minene, yaani zile sehemu nyembamba za utepe ambako elementi hunyonya au hutoa mwanga. Mistari miwili ya sodiamu, wa nanomita 589.0 na wa 589.6, itaungana kuwa mmoja.

Tulihakikisha kwa taa kabla ya kugusa nyota. Balbu ya enajisava ya duka lililo ng'ambo ya uwanja, ukiwa mbali, inaonekana nukta tu, na ndani yake kuna mvuke wa zebaki. Mstari wa zebaki wa buluu uko nanomita 435.8, wa kijani 546.1. Kwenye picha ilikaa umbali wa pikseli 216 mmoja na mwenzake. Gawanya: nanomita 0.51 kwa pikseli. Mwenye duka aliuliza kama tunapiga picha bei zake.

Desemba, katikati

Upepo wa kaskazi umetulia saa mbili usiku na anga ni safi. Kilimia kiko juu, Jabari (kundinyota la Orion) anapanda mashariki.

Mtu akitazama picha zetu za kwanza anaona uzi mwembamba wa rangi, mwembamba kiasi kwamba mistari ndani yake haionekani. Wenye mitambo ya kufuata nyota hulipia ili nyota isisogee pichani. Sisi tunautaka msogeo huo. Ukigeuza kioo hadi utepe ulale kaskazini-kusini, mzunguko wa Dunia unaukokota utepe kuelekea magharibi na kuupanua. Shira, yaani Sirius, husogea pikseli 1.4 kwa sekunde katika kamera yetu. Acha lenzi wazi sekunde 20, unapata utepe wenye upana wa pikseli 28, bila senti moja ya ziada. Mistari iliyokuwa vidoa ikawa mistari kweli.

Taabu ni kwamba hapa kwetu Shira hupita karibu na utosi. Kuelekeza kamera juu moja kwa moja ni kulala mchangani chini ya stendi, na mchanga wa Pangani usiku una kaa wadogo wenye maoni yao.

Desemba, mwishoni

Shira imetoka vizuri. Mistari minne myeusi inaonekana bila kubahatisha: 486, 434, 410 na mmoja hafifu kwenye nyekundu, 656. Ni haidrojeni yote, familia ya Balmer. Ule wa 656 ni hafifu kwa sababu ya kamera, si ya nyota: watengenezaji huweka mbele ya kihisio kichujio cha kuzuia infraredi, nacho hula sehemu kubwa ya nyekundu pia.

Ufundi tumeumaliza. Fizikia ndiyo inaanza.

Januari, wiki ya kwanza: rangi inavyodanganya

Njia ya kitabuni ni kanuni ya Wien. Chukua 2,898, gawanya kwa halijoto katika kelvini, unapata urefu wa wimbi, kwa mikromita, ambako kitu cha moto hung'aa zaidi. Jua lina kelvini 5,772 usoni, kilele chake nanomita 502. Kwa hiyo tafuta kilele, pata halijoto.

Tulichora mkunjo wa Shira, yaani wingi wa mwanga wake kwa kila urefu wa wimbi, kisha wa Dabarani (Aldebaran), ile nyota ya rangi ya chungwa. Vilele vyote viwili viliangukia karibu na nanomita 530, katika kijani. Ukiamini picha, nyota hizi mbili zina kelvini 5,500 kila moja, na hata macho matupu yanakataa.

Kamera ndiyo iliyojichora. Nusu ya pikseli zake ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu, kwa kuwa imeundwa ipendeze jicho la mtu. Na hata ingekuwa na uadilifu kamili, kilele cha Shira kisingeonekana. Kwa kelvini 9,900 kilele kiko nanomita 293, ndani ya urujuanimno, ambako ozoni ya angahewa imeshafunga mlango. Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, lenye kelvini 3,600 hivi, kilele chake ni nanomita 805, ndani ya infraredi, na hapo kichujio cha kamera kinafunga. Mwanga tunaouona ni dirisha dogo, na nyota nyingi zina vilele nje ya dirisha hilo.

Kinachobaki ni mteremko: je, ndani ya dirisha mkunjo unapanda kuelekea buluu au kuelekea nyekundu? Ili kuupata mteremko wa kweli tuligawanya mkunjo wetu wa Shira kwa mkunjo wake unaojulikana, uliopimwa na wataalamu. Tulichopata ni tabia ya kamera yetu. Kisha kila nyota nyingine tunaigawanya kwa tabia hiyo. Dabarani ikaja kelvini 4,000 na kidogo. Vitabu vinasema 3,900. Tulifurahi mno.

Furaha ilidumu hadi tulipopima Rijili, yaani Rigel, mara mbili usiku mmoja, ikiwa chini upande wa mashariki na ikiwa juu. Ya chini ilikuwa "baridi" kuliko ya juu kwa maelfu ya kelvini. Hewa hutawanya buluu kuliko nyekundu, na hewa ya pwani ina chumvi na unyevu wa kutosha. Aidha, nyota ikishazidi kelvini 10,000 mteremko karibu haubadiliki tena, hivyo kosa dogo la hewa linageuka kosa kubwa la halijoto. Na vumbi lililo kati ya nyota hufanya vivyo hivyo, isipokuwa hilo haliondoki kwa kusubiri nyota ipande.

Msimamo wangu baada ya wiki hii: rangi ni shahidi anayehitaji kuhojiwa mara tatu. Nimewaambia wanafunzi tuhamie kwenye mistari.

Januari, katikati: kwa nini mistari haidanganyi kirahisi

Hewa, vumbi na kichujio hupunguza mwanga kwa upana mkubwa wa rangi. Mstari wenye upana wa nanomita mbili au tatu haujali. Hewa ikila nusu ya buluu, inakula nusu ya mstari na nusu ya majirani zake, na uwiano wao unabaki pale pale.

Fraunhofer aliihesabu mistari ya Jua kwa mamia kuanzia 1814 bila kujua ni nini. Kirchhoff na Bunsen, pale Heidelberg, ndio walioonyesha mwaka 1859 na 1860 kwamba kila elementi ina mistari yake. Kutoka hapo wengi walidhani kazi imekwisha: mstari mzito, elementi nyingi, mstari hafifu, elementi kidogo. Kwa dhana hiyo Shira ingekuwa haidrojeni tupu na Ibuti la Jauza lingekuwa halina haidrojeni ya maana.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliuliza swali nililokuwa nalisubiri: "Mwalimu, kama Jua ni haidrojeni, mbona mistari yake ya haidrojeni ni myembamba kuliko ya Shira?"

Jibu tulilihesabu ubaoni. Mistari ya Balmer hutokea pale tu elektroni inaponyonya mwanga ikiwa tayari imesimama ngazi ya pili ya atomu. Kufika ngazi hiyo kunahitaji elektronivolti 10.2, na nishati hiyo hutoka kwenye joto. Kwa kelvini 5,772 za Jua, kanuni ya Boltzmann inatoa atomu moja tu iliyo ngazi ya pili katika kila milioni 200. Kwa kelvini 9,900 za Shira ni moja katika kila 39,000 hivi. Haidrojeni ni ile ile, ila kwenye Shira zilizo tayari kunyonya ni mara elfu tano. Katika Ibuti la Jauza karibu hakuna. Na ukipanda juu sana, kelvini 20,000 au 30,000, mstari hufifia tena, kwa sababu sasa elektroni zimeng'oka kabisa na atomu haina cha kunyonyea.

Kwa hiyo uzito wa mstari ni kipimajoto kwanza, na kipimo cha wingi baadaye. Meghnad Saha wa India aliandika hesabu ya kung'oka kwa elektroni mwaka 1920. Cecilia Payne aliichukua hesabu hiyo kwenye picha za spektra za Harvard, na katika tasnifu yake ya 1925 akapata kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa mno, vyuma vikiwa chembe tu. Henry Norris Russell, mkubwa wa fani wakati huo, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifika pale pale kwa njia nyingine. Wasichana wa klabu walitaka hadithi hii irudiwe, nikairudia.

Nikiwa kwenye heliamu: mstari wake wa njano, nanomita 587.5, ulionekana kwenye Jua baada ya kupatwa kwa 1868, na gesi yenyewe ikaja kupatikana duniani mwaka 1895. Leo heliamu inatafutwa Rukwa, hapa hapa Tanzania, baada ya watafiti wa Oxford na Durham kutangaza mwaka 2016 kwamba iko nyingi chini ya bonde lile. Iligunduliwa kwanza nyotani, kwa utepe kama wetu.

Januari, mwishoni

Ibuti la Jauza. Hakuna mistari ya Balmer ya kuonekana. Badala yake kuna ngazi: mwanga unakatika ghafla karibu na 517, 545 na 616, kisha unapanda polepole hadi mkato unaofuata. Hizo ni molekuli za oksidi ya titani. Molekuli kuwepo kwenye nyota ni taarifa ya halijoto tayari, kwa kuwa kwenye joto la Jua titani na oksijeni haziwezi kukaa pamoja. Tumeweka kati ya kelvini 3,500 na 3,700 kwa kulinganisha kina cha ngazi na spektra za mfano. Sijavutiwa sana na usahihi wetu hapa, lakini aina yake, M, herufi ambayo wanaastronomia huwapa nyota baridi, haina ubishi.

Suheli (Canopus): Balmer ipo, nyembamba kuliko ya Shira, na mistari ya vyuma imeanza kuchungulia upande wa buluu. Inakaa kwenye mpaka wa aina A na F, zenye joto kuliko M, kelvini 7,400 hivi. Mzee mmoja mvuvi aliyekuja kutazama aliionyesha kwa kidole kabla hatujaelekeza kamera. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza mtambo unasema nini. Tukamwambia inawaka mara moja na robo ya Jua kwa kelvini. Akasema ndiyo maana huonekana kwenye mbalamwezi.

Rijili ndiyo iliyotufundisha jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Ina joto la kelvini 12,000 hivi, si mbali sana na Shira kwenye kipimo cha Balmer, lakini mistari yake ni miembamba na ya kina kidogo, mingine inakaribia kupotea kwenye pikseli zetu. Sababu ni shinikizo. Shira ni nyota ndogo, gesi ya usoni imebanwa na mvutano mkali, atomu zinasukumana na mstari unapanuka. Rijili ni jitu kuu lililofura, gesi ya juu ni nyembamba, mstari unabaki mwembamba. Antonia Maury aliiona tofauti hii kwenye spektra mwaka 1897, na Hertzsprung akaitumia mwaka 1905 kutenganisha nyota kubwa na ndogo zenye rangi moja. Upana wa mstari unakwambia ukubwa wa nyota ambayo kwenye darubini yoyote ya shule ni nukta tu.

Kwa zoezi tulikokotoa ukubwa kwa njia ya pili. Mng'ao wote wa nyota hukua kwa halijoto ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, na kwa eneo la uso. Shira iko mbali miaka ya nuru 8.6, na kutokana na umbali huo mng'ao wake ni mara 25 ya Jua. Kwa kelvini 9,900 nusu kipenyo chake kinatoka mara 1.7 ya Jua. Dabarani, miaka ya nuru 65, mng'ao mara 440 hivi, kelvini 3,900: nusu kipenyo mara 46. Moja ni baridi kuliko Jua na bado inang'aa mara mamia, kwa sababu ni kubwa tu.

Februari

Tumegeukia kusini. Gamma Velorum, katika kundinyota la Tanga (Vela, yaani tanga la jahazi), hupanda hadi nusu ya anga kwetu. Wenzetu wa Ulaya wengi hawaioni kamwe. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi watarajie mistari myeusi dhaifu.

Picha ya kwanza ilitoka na mistari inayong'aa. Utepe wa buluu, kisha vilima vya mwanga vilivyosimama juu yake: kimoja karibu na 465, kingine 570, kingine 581. Nilikuwa nimeshaisoma kwenye vitabu, lakini kuiona ikitoka kwenye kamera ya mtumba ni jambo jingine.

Hii ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 78.5, na mmoja wao ni wa aina ya Wolf-Rayet, inayoitwa hivyo kwa wanaastronomia wawili wa Paris waliozitambua nyota za namna hiyo mwaka 1867. Imepoteza ganda lake la haidrojeni na sasa inamwaga kaboni na heliamu angani kwa upepo mkali. Gesi hiyo inayotoka pande zote ndiyo inayong'aa. Sehemu inayokuja kwetu mwanga wake unasogea kwenye buluu, inayokwenda upande wa pili unasogea kwenye nyekundu, na kwa pamoja mstari mmoja unakuwa kilima.

Tulikuwa tumekubaliana tangu Desemba kwamba kasi za nyota hatutaweza kuzipima. Pikseli yetu moja kwenye mstari wa haidrojeni wa 486 ni sawa na kilomita 315 kwa sekunde, na Shira inatukaribia kwa kilomita 5.5 tu. Lakini kilima hiki kina upana. Kile cha kaboni cha 569.6 kwenye msingi wake kina pikseli 11 hadi 12. Ukiondoa ukungu wa lenzi, pikseli tatu, kwa kutoa miraba na kutafuta kipeo cha pili (si kwa kutoa moja kwa moja), kinabaki 11, yaani nanomita 5.6. Nusu yake, gawanya kwa 569.6, zidisha kwa kasi ya mwanga: kilomita 1,480 kwa sekunde. Vipimo vya wataalamu vinazunguka 1,500. Stendi yetu ina mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Sehemu kubwa ya mnururisho wa nyota hii iko kwenye urujuanimno na hatutauona kamwe kutoka ufukweni. Hapo wanafunzi waliuliza nani anauona basi. Nikawajibu ni setilaiti zilizo juu ya hewa, na kwa mfano wa mwanga mwingine unaozuiwa na hewa, eksirei, nikawapeleka kaskazini kidogo kwenye pwani yetu hii. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, na ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kikipiga mapigo kila sekunde 4.8: nyota ya nyutroni inayomeza gesi ya mwenzake. Kwa eksirei hata Shira hugeuka: kibete cheupe kinachoizunguka, kisichoonekana kwa macho, ndicho kinachong'aa kuliko nyota kuu, kwa kuwa kina kelvini 25,000.

Machi

Mawingu ya masika yamekuja mapema. Tumetumia muda kupanga faili na kufanya jaribio la ndani: spektra sita bila majina, kila kundi la wanafunzi lizipange kwa halijoto kutoka kwenye mistari pekee, picha zikiwa nyeusi na nyeupe ili rangi isisaidie. Makundi yote yaliweka Ibuti la Jauza na Dabarani mahali pake. Ubishi ulikuwa kwa Rijili na Suheli, kwa kuwa Balmer zote mbili ni dhaifu kuliko ya Shira, moja kwa kuwa na joto zaidi na nyingine kwa kuwa na joto pungufu. Kundi lililoshinda lilitafuta vyuma upande wa buluu: Suheli inavyo, Rijili karibu haina.

Yaliyobaki kabla ya muhula ujao:

Jua, mchana. Sindano ya cherehani ikiwekwa juani mbele ya kitambaa cheusi inatoa mstari mwembamba wa mwanga, na kamera ile ile inaweza kuusoma. Tunatafuta sodiamu, kalsiamu ya 393 na 397 kama lenzi itairuhusu, na mkanda wa 687, ambao ni oksijeni ya hewa yetu wenyewe na si ya Jua.

Kamera ya pili, mbovu ya kioo lakini nzima ya kihisio, ambayo fundi mmoja wa Tanga mjini amekubali kuitoa kichujio. Ikikubali, ule mstari wa 656 utaonekana kwa nguvu yake, na tutarudia Shira kuanzia mwanzo, pamoja na tabia mpya ya kamera.

Na Gamma Velorum tena, mawingu yakiachia, ili kuona kama kilima cha 465 kinabadilika umbo nyota mbili zinapozungukana.